Jirani wa Ng'ambo ya Korongo

Misiba mikubwa ina waandishi wake. Vita, njaa kuu na maradhi ya kuambukiza huandikwa vitabuni, na serikali kubwa hutuma askari, matabibu na nafaka. Lakini misiba midogo haina mwandishi. Mfereji ukibomoka usiku wa mvua, nyumba tatu zikiungua wakati wa kiangazi, daraja la miti likichukuliwa na mto, mambo hayo ni madogo kwa aliye mbali. Bali kwa yule yaliyempata ni shamba lake, ni ng'ombe wake, pengine ni mtoto wake. Tena mkubwa aliye mbali hawezi kufika upesi. Apatapo habari, jambo limekwisha, kwa heri au kwa shari. Awezaye kufika ni jirani tu.

Basi, ndugu wasomaji, twataka kueleza habari za majirani wa namna moja, yaani serikali ndogo zilizopakana. Kwani si watu peke yao walio na majirani. Nchi za Wamangi zilikuwa na majirani, wilaya na miji ina majirani, hata vijiji. Nasi twauliza: serikali hizi ndogo zilisaidianaje siku ya shida? Msaada gani ulidumu, na upi ulikufa, na kwa sababu gani?

Mlima Kilimanjaro wafaa sana kwa somo hili. Mito ishukayo kutoka msituni imechimba makorongo marefu, na katikati ya korongo na korongo kuna migongo ya ardhi nzuri iliyojaa migomba. Hapo kale migongo hiyo ilikuwa nchi za Wamangi mbalimbali. Mtu akianza magharibi na kuelekea mashariki alipita Siha, Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, kisha akaingia nchi za Rombo. Nasi hatukuzitaja zote. Nchi nyingine zilikuwa kubwa na zenye nguvu, nyingine ndogo kiasi cha mtu kuzivuka kwa miguu kabla ya jua la utosi. Kila moja ilikuwa na Mangi wake, wazee wake, na mpaka wake, na mara nyingi mpaka ulikuwa korongo. Mtu alisimama ng'ambo hii akaona moshi wa jiko la mtu wa ng'ambo ile, na hao wawili hawakuwa watu wa Mangi mmoja.

Haifai tuwasifu wazee wetu kwa mambo wasiyoyatenda. Nchi hizi zilipigana. Zilitekana ng'ombe, zikachomeana nyumba. Zilijua pia kusaidiana vitani, lakini msaada ule ulikuwa na bei yake: aliyesaidiwa leo alidaiwa ng'ombe kesho, na kesho kutwa alidaiwa utii. Wala msaada ule haukuangalia mbele. Mwaka 1891 Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walikwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, na watu wa Mangi Rindi wa Moshi walifuatana nao kumpiga jirani yao. Rindi akafa mwaka ule ule, mwanawe Meli akatawala. Hata mwaka 1893 Moshi yenyewe ikapigwa na Wadachi wale wale. Na tarehe 2 Machi 1900 Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na Molelia wa Kibosho, na Ngalami wa Siha, na wakubwa wengine. Nchi mbili zilizokataa kuwa majirani wema zilipoteza Wamangi wao siku moja.

Twaleta habari hii kwa sababu yatuonyesha jambo la kwanza. Msaada unaotafutwa siku ya hatari, pasipo agano lililotangulia, hununuliwa kwa bei aitakayo mwenye kuuza. Mwenye shida hawezi kupatana bei.

Lakini hata katika siku zile za mashaka kulikuwa na jambo jingine mlimani, lisilo na kelele za vita, nalo ndilo lililotufundisha zaidi. Jambo hilo ni mfereji wa maji, ambao Wachagga huuita mfongo.

Mgeni aliyefika mlimani aliona mifongo kabla ya kuona mambo mengine mengi. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, aliisifu katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1886. Naye alikuwa na haki ya kustaajabu. Maji ya mto yapo chini kabisa ya korongo, na mashamba yapo juu mgongoni. Ili maji yafike shambani bila mashine, ni lazima yatekwe mbali sana juu, huko msituni, mahali ambapo mto haujashuka bado katika korongo lake. Kisha yaongozwe ubavuni mwa mlima polepole, kwa mteremko mdogo sana, mpaka yatokee juu ya mgongo. Wachimbaji hawakuwa na vipimo vya shaba. Walipima kwa macho na kwa maji yenyewe. Palipokuwa na bonde dogo walivusha maji kwa magogo yaliyochimbwa. Maji yale yaliotesha ulezi wakati wa kiangazi, yakanywesha watu na ng'ombe zizini.

Sasa fikiri udhaifu wa kazi hiyo nzuri. Banio la mawe, matawi na majani ya nyasi halizuii mto ukifurika. Mvua kubwa ya usiku mmoja yatosha kulichukua. Mti ukianguka, au panya wakitoboa ukingo, maji huacha njia na kuporomosha udongo juu ya shamba la mtu wa chini. Tena mfereji mrefu haukai katika kitongoji kimoja. Aliye juu huona maji kwanza, aliye chini huona mwisho. Na pengine palipobomoka si kwake yule aliyekosa maji. Hapo ndipo watu wa mlima walipotambua ya kwamba mtu hawezi kutengeneza mfongo peke yake, wala ukoo hauwezi, wala kitongoji.

Basi waliweka kanuni. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, yaani ukoo wa waliouchimba, na msimamizi wake. Kila nyumba itumiayo maji ilijulikana, na zamu ya kila nyumba ilijulikana. Mfereji ulipobomoka, msimamizi hakuzunguka kubembeleza watu. Alitoa mwito, nao wakafika na majembe na mapanga. Asiyekuja alitozwa faini, au alinyimwa zamu yake ya maji mpaka akubali. Mtu hakuuliza, "Je, pamebomoka kwangu?" Aliulizwa, "Je, wanywa maji haya?" Akisema naam, basi kazi ilimhusu.

Tazama hekima iliyomo. Mambo manne yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya mvua kunyesha: nani aita, nani aitika, nani aongoza kazi, na ni nini malipo au adhabu. Siku ya msiba hapakuwa na mashauri marefu, maana mashauri yalikuwa yamefanywa tangu zamani, siku ya jua, watu wakiwa wametulia. Ndiyo sababu mifongo mingi iliishi kuliko Wamangi wengi. Mangi alishindwa vitani, akaja mwingine, hata wageni wakatawala. Lakini maji yalifuata njia yake, kwani watu wa juu na wa chini walijuana kwa zamu.

Mwaka 1916 Waingereza waliwatoa Wajerumani Moshi, na katika miaka iliyofuata wakaweka utawala wao kupitia Wamangi wenyewe. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa Wamangi katika Tanganyika mamlaka yaliyoandikwa, na Wamangi wa Kilimanjaro wakawa na baraza lao la pamoja. Hatusemi ya kuwa mambo yote yalikuwa mema. Kodi ilikuwa kodi, na amri ya mgeni ilikuwa amri ya mgeni. Lakini jambo moja lilikuwa jipya: watu waliokuwa wakitazamana kwa hofu ng'ambo ya korongo walianza kukaa juu ya viti katika chumba kimoja, na kusema habari za shida zinazopita mipaka yao.

Nazo shida za namna hiyo hazikukosekana. Kahawa ilikuwa imeenea katika vihamba, na wadudu wakaifuata. Mdudu wa kahawa hajui mpaka wa Mangi. Kihamba kimoja kisipotiwa dawa, huwa zizi la wadudu wa nchi nzima. Walowezi wa Kizungu wenye mashamba makubwa walilishika neno hili na kusema kahawa ya Mwafrika itaharibu kahawa yao, wakataka azuiwe kuilima. Wachagga hawakujibu kwa maneno matupu. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na kazi mojawapo ya chama ilikuwa kupambana na wadudu hao. Mwaka 1933 ikafuata KNCU, umoja wa vyama vya ushirika vya mlimani. Umoja huo nao ulipata misukosuko. Mwaka 1937 watu wenye hasira walishambulia maghala yake katika baadhi ya nchi, kwa kuwa waliona wanalazimishwa kuuza mahali pamoja. Hapo tujifunze kwamba umoja unaolazimishwa, watu wasielezwe, huzaa magomvi hata ukiwa na faida.

Nzige nao walifundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliingia sehemu nyingi za Tanganyika. Nzige mkubwa arukaye hana dawa ya haraka, bali mtoto wake asiyeruka, yaani tunutu, aweza kuuawa: watu huchimba handaki, humfukuza kwa matawi mpaka aangukie humo, kisha humfukia. Lakini kazi hiyo ikifanywa na nchi moja peke yake ni hasara mbili. Watakaofukuza bila handaki watamsukuma kwa jirani. Na watakaoua wote kwao, jirani asipoua, watavamiwa wiki ya pili. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, ndivyo wasemavyo watu. Nasi twaongeza, kamsaidie kwanza huyo anyolewaye, maana wembe ni ule ule.

Hata mwaka 1941 lilitokea jambo kubwa zaidi, ambalo vijana wengi wa leo hawalijui vema, ingawa wapita juu yake kila waendapo kukata majani ya ng'ombe. Msitu wa mlima ulikuwa umekwisha kuwekewa mpaka na serikali, na watu walikatazwa kuingia. Walakini watu wa vihamba vya juu walihitaji kuni, nguzo na majani. Basi ulitengwa ukanda wenye upana wa nusu maili, kando ya msitu upande wa kusini na mashariki, ukatiwa mkononi mwa Baraza la Wachagga lenyewe. Humo ilipandwa miti, na watu wakapata mahitaji yao kwa utaratibu.

Ukanda huo haukuwa wa Machame peke yao, wala wa Marangu, wala wa Mkuu. Ulipita juu ya vichwa vya nchi hizo zote kama ukosi wa kanzu. Moto ukiwaka juu ya nchi moja, upepo uliweza kuuchukua mpaka juu ya nchi ya pili. Kwa hiyo ulinzi wa ukanda ulikuwa ulinzi wa wote, na tena ulikuwa na faida iliyoonekana kwa macho: aliyezima moto leo alizima kwa ajili ya nguzo za nyumba ya mwanawe. Wataalamu waliochunguza habari za msitu huu baadaye walikubaliana kwamba ukanda ulitunzwa vizuri katika miaka ile ulipokuwa chini ya Baraza.

Sasa twaja kwenye sehemu ya huzuni. Mwaka 1946 nchi za mlima ziligawanywa katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na mkubwa wake aliyeitwa Mwitori: Abdiel Shangali wa Machame, Petro Itosi Marealle wa Marangu, na John Maruma wa Rombo. Baadaye watu wakamchagua Thomas Marealle awe Mangi Mkuu, akatawazwa mwaka 1952. Na mwaka 1960 watu wenyewe walipiga kura ya kuuondoa umangi mkuu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa Wamangi wote ulikoma. Hatulii kwa ajili hiyo, maana wananchi walitaka kuchagua viongozi wao. Lakini pamoja na viti vya Wamangi yalivunjika mapatano mengi yaliyokuwa hayakuandikwa. Ukanda wa nusu maili ulikwenda kwa halmashauri ya wilaya, na mwaka 1972 ukachukuliwa na serikali kuu. Tangu hapo uliharibika: miti ilikatwa isipandwe mingine, watu wakalima ndani. Kwa nini? Watu hawakugeuka kuwa waovu kwa siku moja. Ila kazi ilikuwa imeondolewa mikononi mwa majirani, ikapewa mtu wa mbali; na kilicho cha mtu wa mbali hakina mlinzi usiku. Mwaka 2005 msitu ule uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Jambo la mwaka 1972 halikuwa la mlima tu. Katika Tanzania Bara halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, kazi zake zikawekwa chini ya maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kuleta maendeleo karibu na watu. Lakini miji ilianza kuchafuka, takataka hazikuzolewa, magari ya zimamoto yakaharibika, na katika miaka ya 1976 na 1977 kipindupindu kikaingia. Serikali yenyewe iliona kosa. Mwaka 1978 sheria ilitungwa kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa zote, nazo wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Twajifunza nini? Ya kwamba misiba midogo haingoji idhini ya mbali. Serikali ndogo ikifa, msiba mdogo hukua.

Huenda msomaji akasema, "Basi zikiwapo serikali ndogo, na majirani wakiwa na moyo mwema, yatosha." Hayatoshi, nasi tutaleta ushuhuda kutoka mbali. Tarehe 7 Februari 1904 moto uliwaka katika mji wa Baltimore huko Marekani. Wakubwa wa mji walipiga simu, na miji jirani ikatuma mashine za kuzimia moto kwa reli, hata kutoka Washington, Philadelphia na New York. Wazima moto walifika, moyo wanao, mashine wanazo, maji yapo. Lakini mipira ya maji ya wageni wengi haikuingia katika mabomba ya Baltimore, kwa sababu kila mji ulikuwa umechonga skrubu zake kwa kipimo chake. Watu walisimama na mipira mikononi, moto ukala majumba zaidi ya 1,500. Hakuna aliyekosa huruma siku ile. Walikosa kupatana kabla ya siku ile. Baadaye Wamarekani walijifunza kuandika mapatano ya kusaidiana: jimbo la California mwaka 1950 liliandikiana na wilaya na miji yake, na mwaka 1996 bunge lao lilikubali agano la kusaidiana kati ya majimbo, ambalo laeleza hata nani atalipa gharama. Mwaona? Walifikia kwa karatasi pale pale ambapo wazee wetu walifikia kwa zamu za mfongo.

Turudi nyumbani. Zamani mashine za zimamoto katika miji yetu zilikuwa mali ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya serikali kuu. Faida yake ni kubwa, maana sasa kikosi kina mafunzo ya namna moja na amri moja. Lakini barabara haikufupishwa na sheria. Moto wa nyumba kijijini, ng'ambo ya makorongo matatu, hauwezi kumngoja mtu atokaye mjini. Atakayefika kwanza ni mtu wa kijiji cha pili, akiwa na ndoo na panga.

Na mlima wenyewe umetupa mtihani karibuni. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza mahali paitwapo Whona, katika njia ya Marangu, kati ya kituo cha Mandara na kituo cha Horombo. Ulikuwa wakati wa ukavu na upepo mkali, na vichaka vya huko juu huwaka kama makuti. Waliopanda kuuzima walikuwa watumishi wa hifadhi, askari wa zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka, na watu wa vijiji vya chini. Wote walikuwa zaidi ya 500. Silaha yao kubwa ilikuwa matawi mabichi na mapanga, katika baridi na hewa nyembamba. Eneo lililoungua lilipita kilometa za mraba 90. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine uliwaka karibu na kituo cha Karanga, na mamia ya watu wakapanda tena.

Watu wale wanastahili heshima. Hawakuuliza moto uko katika wilaya gani, kwa maana kila kijito kinywesheacho vihamba kina mama yake katika msitu ule. Lakini sisi tulio chini twapaswa kuuliza kwa niaba yao maswali yale manne ya mfongo. Nani aliita, na mwito ulifika kila kijiji kwa saa ngapi? Nani aliongoza walipokutana watu wa wilaya mbili? Nani aliwalisha, akawapa blanketi? Na aliyevunjika mguu, au aliyepoteza siku kumi za kibarua, atatazamwa na nani? Maswali haya yakiulizwa moto ukiwaka ni manung'uniko. Yakiulizwa siku ya jua ni hekima.

Sheria ya nchi imefungua mlango. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 yataka ziwepo kamati za maafa katika mkoa, wilaya, kata na kijiji. Ni jambo jema. Lakini kamati hizi husimama kama ngazi, moja juu ya nyingine. Habari hupanda na amri hushuka. Korongo hata hivyo halipandi wala halishuki katika ngazi hiyo. Liko kati ya kijiji na kijiji. Kijiji cha mwisho cha Hai na kijiji cha kwanza cha Moshi vyaweza kusikilizana kwa sauti, walakini barua yao ya kuombana msaada yaweza kuzunguka ofisi nne. Yafaa basi kila kamati iwe na ngazi ya kupanda, na pia daraja la kuvuka.

Wengine watasema, "Wenye nguvu watachoka kuwabeba wanyonge. Manispaa ya Moshi ina fedha na vifaa. Vijiji vitatoa nini?" Tuwajibu kwa upole. Mji wa Moshi hunywa maji ya chemchemi zilizo nje ya mipaka yake. Chakula cha masoko yake chashuka kutoka vihambani. Banio likivunjika juu, au msitu ukiungua, mfereji wa bomba mjini utajua habari hiyo baada ya siku chache. Mji una magari, milima ina maji na watu. Hapo hakuna mbebaji na mbebwaji. Kuna mtu wa juu wa mfongo na mtu wa chini wa mfongo. Jembe la mmoja na koleo la mwingine ni mali ya mfereji mmoja.

Twamaliza kwa neno la kutenda, kwani historia isiyotendewa kazi ni hadithi ya kupitisha jioni. Kabla mvua za masika hazijaanza, wazee wa kijiji na wenyeviti wa ng'ambo mbili za korongo wakutane siku moja, si kwa sherehe, bali kwa kazi. Waandike majina ya watakaopiga mwito, na namba zao za simu. Na kwa kuwa simu huzimika, wapatane pia juu ya kengele au baragumu. Wahesabu majembe, ngazi, kamba na mapipa ya maji yaliyopo kila upande. Wakubaliane kwamba aliye na msiba ndiye atakayeongoza, kwa kuwa ndiye ajuaye njia za kwake; na kwamba aliyesaidiwa atawalisha waliokuja, na kifaa kilichovunjika kitatengenezwa na kijiji kilichoomba. Kisha karatasi hiyo isomwe katika mkutano wa kijiji, hata asiyejua kusoma aisikie. Halmashauri za Hai, Siha, Rombo, Moshi na Manispaa zaweza kufanya vivyo hivyo kwa mambo makubwa zaidi kidogo.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mchana mmoja, kalamu moja, na watu wasioona haya kuvuka korongo kabla hawajaitwa. Wazee wetu walishindwa kufanya hivyo katika vita, wakapotea; walifanya hivyo katika maji, wakatuachia mifongo. Sisi tumerithi habari zote mbili, nasi twajua ni ipi yenye kufaa kuigwa.